Lamu: nyumba na jahazi kutoka msitu mmoja

Upana wa chumba katika nyumba ya zamani ya Lamu hauamuliwi na tajiri aliyeijenga wala na fundi aliyeisimamia. Huamuliwa na mkoko. Dari ya Lamu ni mzigo mzito: mawe ya matumbawe hupangwa juu ya boriti, kisha kokoto na chokaa hushindiliwa juu yake mpaka vyote vikashikana. Boriti ya mkoko hubeba uzito huo vizazi kwa vizazi, lakini ikirefushwa kupita mita tatu hivi huanza kupinda. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Aliyetaka nafasi zaidi hakupanua chumba. Alijenga kingine nyuma yake, sambamba na cha kwanza, na kingine nyuma ya hicho.

Katika vijito vya maji ya chumvi inakoota mikoko hiyo, fundi wa majahazi naye huingia na shoka lake. Mti ulionyooka haumshughulishi. Anatafuta mlilana au mchu uliopinda wenyewe tangu ulipokuwa mche, wenye kona inayolingana na tumbo la chombo anachokiunda, ili apate taruma, yaani ubavu wa chombo, ambalo nyuzi zake zinafuata mpindo bila kukatwa. Mti mnyofu huenda darini, mti wa kombo huenda majini. Msitu ni mmoja, na mara nyingi wakata miti ni walewale.

Nimeanza na msitu kwa makusudi. Habari nyingi za Lamu huanza na milango ya nakshi, na picha nyingi hukomea hapo. Uhifadhi nao umekwenda vivyo hivyo. Mwaka 2001 UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama mji wa Waswahili wa zamani zaidi na uliohifadhika vizuri kuliko yote katika Afrika Mashariki, wenye watu ndani yake mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Eneo lililolindwa ni hekta 16 hivi, ambazo mtu huzizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mpaka ule umezizunguka kuta. Vijito vya mikoko viko nje yake, na machimbo ya mawe yako nje, na fukwe za Matondoni na Kizingitini ambako majahazi huundwa ziko nje pia. Nimeusoma mji huu kwa miaka, na kila nikirudi naona wazi zaidi kwamba kuta zile haziwezi kusimama kwa muda mrefu bila vitu hivyo vilivyoachwa nje.

Anayefika kwa barabara huacha gari Mokowe, upande wa bara, na kuvuka mlango wa bahari kwa boti. Anayefika kwa ndege hutua kisiwani Manda na kuvuka vilevile. Kinachomkabili kwanza ni safu ya nyumba za pwani zenye veranda na nguzo, na wengi hudhani hiyo ndiyo Lamu ya kale. Kumbe safu hiyo ni changa. Ukanda wa pwani ulijazwa kwa taka na vifusi katika karne ya 19 na baada yake, na nyumba hizi zikapandwa juu ya ardhi hiyo mpya, zikiwa na mkono wa Kihindi katika veranda zake. Hata ngome, ambayo leo imesimama ndani kidogo nyuma ya uwanja wa Mkunguni, zamani ilikuwa ikitazama maji moja kwa moja.

Ngome hiyo ina kisa chake. Mnamo mwaka 1812 au 1813, majeshi ya kisiwa jirani cha Pate pamoja na Wamazrui, watawala wa Mombasa, yalitua Shela, kisiwani humohumo, kuja kuivunja Lamu, na yakashindwa pale ufukweni. Ushindi ule uliwatia watu wa Lamu hofu kuliko fahari, kwa maana walijua adui atarudi. Wakamwomba Sayyid Said wa Oman awape ulinzi. Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1813 na kumalizika 1821. Chini ya Waingereza ikageuzwa jela, na jela ikabaki mpaka mwaka 1984, ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Leo ina maktaba, ukumbi wa maonyesho na ua wa mikutano na harusi. Kwa jengo lililokuwa gereza kwa miongo mingi, kupokea maharusi ni mabadiliko ninayoyafurahia kila nikiyafikiria.

Nyuma ya ngome na nyuma ya safu ya pwani kuna Usita wa Mui, njia kuu ya mji, inayokwenda kaskazini hadi kusini sambamba na ufuo wa kale. Kaskazini ni Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe za wenyeji wa tangu na tangu. Kusini ni Langoni, mtaa wa waliofika baadaye: watu wa Hadhramaut, wa Ngazija, wa visiwa vya jirani na wa bara. Hayo ndiyo mapande mawili ya mji, na mashindano yao yana umri mrefu, katika ngoma, katika mashairi na katika siasa.

Nyumba ya Mkomani haijionyeshi. Nje ni ukuta mtupu, mnene kiasi cha nusu mita, wenye vitundu vichache juu. Mapambo ya nje yako mlangoni tu. Mbele ya mlango kuna daka, kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe kulia na kushoto, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wageni wa kiume bila kuwaingiza ndani. Ukivuka mlango unaingia tekani, pahala panapopinda ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Kutoka hapo ndipo unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu, ambamo mwanga na hewa vyote huingia. Kisha yanafuata yale matabaka yaliyopangwa na boriti: msana wa tini, msana wa yuu uliopandishwa kidogo, halafu ndani, chumba cha bibi wa nyumba. Kila hatua ni giza zaidi, ubaridi zaidi na heshima zaidi.

Ukuta wa ndani ndio uliobeba zidaka. Ni safu kwa safu za vishimo vya mraba na vya tao, vilivyochongwa katika chokaa, ambamo zilipangwa sahani za China, vitabu na vyombo vya thamani. Fundi hakuvipaka vishimo vile rangi. Alitegemea weupe wa chokaa na kivuli cha kina chake, na mwanga mdogo uliotoka kiwandani ukayafanya yaliyobaki. Katika nyumba ya karne ya 18 ambayo Makumbusho imeirekebisha na kuifungua kwa wageni ndani ya Mkomani, zidaka hizo zinaonekana vizuri, pamoja na choo chenye birika la maji ambamo waliwekwa visamaki vya kula mabuu ya mbu. Anayekwenda Lamu mara ya kwanza aanzie hapo, kabla ya jumba kubwa la makumbusho la pwani, hata kama siwa mbili, zile baragumu za sherehe, zilizomo katika jumba hilo, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, ni vitu ambavyo havina vya kulingana navyo.

Nyumba ilikuwa mali ya mwanamke kwa namna yake. Baba mwenye uwezo alimpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Binti wa pili akiolewa, ilijengwa ghorofa juu ya ile ya kwanza, au nyumba ya jirani ikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro kama daraja. Wanawake wa ukoo mmoja waliweza kutembeleana kutwa nzima bila kukanyaga njia. Kwa hiyo anayetazama vichochoro vya Mkomani na kuona mawikio yamevuka juu ya kichwa chake, anasoma habari za ndoa na udugu zilizoandikwa kwa mawe.

Na tuseme pia nani alibeba mawe hayo. Utajiri wa Lamu wa karne ya 18 na 19 ulitoka katika pembe za ndovu, boriti na mazao ya mashamba ya bara, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Nyumba nyingi zilikuwa na watumwa katika ghorofa ya chini. Utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Maelezo ya wageni katika majumba ya maonyesho hupita haraka juu ya jambo hili, na mimi naona si haki. Daka lilikuwa na mwenye kukaa na lilikuwa na mwenye kufagia.

Habari ya Langoni inaanzia hapohapo. Sharifu Swaleh Jamalullayl, ambaye watu humwita Habib Swaleh, alitoka Ngazija na kuhamia Lamu, akaanza kuwafundisha dini watoto wa watu wa chini, wakiwemo waliotoka utumwani, jambo ambalo wakubwa wa Mkomani hawakulipenda. Msikiti wa Riyadha ulijengwa Langoni mwanzoni mwa karne ya 20. Maulidi aliyoyasimamisha yanawaleta Lamu watu wa pwani nzima na wa mbali zaidi kila mwaka, na kwa siku zile kitovu cha mji kinahamia kusini, katika mtaa ambao vitabu vya majengo huutaja kwa mistari michache. Kama Riyadha ingepimwa kwa umri wa mawe yake, isingefika karibu na Msikiti wa Pwani, ulio wa karne ya 14. Lakini mji huupimi hivyo.

Mji huu ulipona kwa sababu ya ufukara. Waingereza walipoanza reli Mombasa mwaka 1896 na kuifikisha Kisumu 1901, biashara yote ya pwani ilivutwa na bandari ya Mombasa. Mashamba ya bara yalikuwa yakipoteza wafanyakazi. Matajiri wa Lamu wakapungua, watoto wao wakahamia kusini. Katika miji iliyotajirika, kama Mombasa yenyewe, nyumba za mawe zilivunjwa ili majengo mapya yapate nafasi. Lamu hakuna aliyekuwa na fedha za kuvunja. Nyumba zikabaki, nyingine zikianguka taratibu, nyingine zikishikiliwa na warithi kumi na watano wasioweza kukubaliana juu ya kubadilisha boriti moja.

Sheria ilikuja baadaye sana. Usam Ghaidan, msanifu majengo, alizipima nyumba na kuchapisha kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975. Mwaka 1986 mji ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka huohuo mpango wa uhifadhi alioutayarisha Francesco Siravo pamoja na wenzake ukatoka. Ofisi ya uhifadhi ikafunguliwa mjini, yenye kazi ya kukagua kila ombi la kujenga au kurekebisha. Kwa kiasi kikubwa ofisi hiyo imefanya kazi njema. Vichochoro ni vilevile, punda bado ndiye mchukuzi, na mstari wa mapaa unaouona kutoka baharini haujavunjwa na maghorofa marefu.

Sasa njoo ufukweni.

Matondoni iko upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini, au kwa mashua ukizunguka. Hapana karakana yenye paa na lango. Kuna ufuo, kivuli cha makuti, na chombo kilichosimamishwa juu ya magogo. Fundi huanza na mkuku, uti wa chini unaokwenda urefu wote wa chombo. Mbele husimamisha hanamu, nyuma fashini, kisha mbao na mataruma hupanda pamoja kwa kupimwa na jicho. Hapana mchoro wa karatasi. Vipimo vimo katika mikono na katika uzi, na kila fundi hurithi vipimo hivyo kwa baba, mjomba au mwalimu aliyemlea. Mbao nzuri ni za mbambakofi, ingawa siku hizi kupata gogo lake ni shida na gharama.

Vyombo vya kazi ni vichache: shoka, tezo, msumeno, patasi, nyundo na keekee, ile ya kutoboa inayozungushwa kwa upinde. Kila tundu la msumari hutobolewa kwanza, ili mbao isipasuke. Halafu inakuja kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa kwa patasi butu katika kila ungio la mbao mpaka maji yasipate njia, na kelele za nyundo za wakalafati ukizisikia mara moja utazitambua popote. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, yenye harufu inayomfuata mtu mpaka nyumbani. Sehemu itakayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, dhidi ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Chokaa ile ni ileile ya kutengeneza zidaka. Ni matumbawe yaliyochomwa, juu ya kuni zilizopangwa duara, mpaka mawe yakawa unga. Tezo ile ni ndugu wa ile inayochonga miimo ya milango ya Mkomani, na katika familia nyingi za mafundi wapo wanaojua kazi zote mbili. Tazama mbele ya jahazi la Lamu, pande zote mbili za hanamu: kuna vibao vya duara vilivyochongwa, macho ya chombo, na mkono uliovichonga ni mkono wa fundi wa milango. Ukienda upande mwingine, mawe ya kujengea nyumba huchimbwa Maweni, kisiwani Manda, na huletwa mjini na mashua. Mchanga huja na mashua. Boriti zilikuja na majahazi kutoka vijito vya bara. Bila chombo hakuna nyumba. Hilo Lamu si methali, ni ankara ya mjenzi.

Boriti hizo zilikwenda mbali. Kwa karne nyingi vyombo vya Oman, Kuwait na Bahrain vilishuka na kaskazi vikileta tende, chumvi na papa, vikarudi na kusi vimejaa miti ya mikoko. Nyumba za kale za Ghuba zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo ya Mkomani. Wakata miti wa Lamu walikuwa na madaraja yao ya unene, kutoka fito na pau hadi mazio, boriti, nguzo na banaa, na mnunuzi wa Sur, kule Oman, aliyajua majina hayo sawasawa na muuzaji. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Biashara ile kubwa ikafa, ikabaki ya ndani.

Kabla ya jahazi kulikuwa na mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa hivi, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mraba likafumwa kwa ukindu. Mtepe ulisafiri pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukatoweka. Leo tunao kwa mifano midogo iliyowekwa katika kabati za vioo. Naitaja mitepe kwa sababu inaonyesha jinsi ufundi unavyokufa: hakuna aliyeupiga marufuku, hakuna aliyeuchoma moto. Wateja walipungua, wazee wakaondoka, na vijana hawakuwa na chombo cha kujifunzia.

Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili kutoka Lamu, aliliona hilo mapema. Utenzi wake *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza kuundwa kwa jahazi kisiwani Lamu hatua kwa hatua, na kuzitaja sehemu zake na kazi za mafundi. Kiwandeo ni jina la kale la kisiwa. Aliandika utenzi ule ili maarifa yasipotee, na nadhani unastahili kusomwa na kila afisa wa uhifadhi anayepangiwa kazi Lamu, kabla hajafungua faili la majengo.

Kwa maana tatizo la leo limo katika faili hilohilo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri ikaikumba mikoko pia. Nia ilikuwa njema. Misitu ilikuwa imeliwa vibaya. Lakini Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na maelfu ya watu wanaishi kwayo. Baadaye amri ililegezwa kwa Lamu. Katika kipindi kile, mwenye nyumba ya mawe ambaye boriti yake imeliwa na mchwa alijikuta kati ya amri mbili: ofisi ya uhifadhi inamtaka atumie mti wa asili, na ofisi ya misitu inamkataza kuupata. Anayebanwa hivyo hufanya nini? Anamwaga zege. Na zege juu ya ukuta wa matumbawe ni adui wa polepole. Ukuta ule unavuta pumzi kwa chokaa yake, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inaufungia unyevu ndani, chumvi inakusanyika, na lipu inaanza kubanduka vipande vipande. Nyumba iliyodumu miaka 200 inaharibiwa na ukarabati wa wiki mbili.

Msitu ukivunwa kwa mpango unaweza kutosheleza nyumba za hekta 16. Kiasi kinachohitajika kwa mwaka kukarabati dari za Mji Mkongwe ni kidogo ukilinganisha na kilichowahi kwenda Ghuba. Kinachokosekana ni kibali kimoja kinachounganisha ofisi mbili, na kitalu cha miti kilichotengwa kwa ajili ya nyumba zilizoandikishwa na vyombo vya jadi. Ni kazi ya makaratasi, na hakuna sababu isifanyike.

Kuna jambo lingine ambalo halina kibali cha kulitibu. Tangu miaka ya 1970, na kwa kasi zaidi baadaye, wageni kutoka Ulaya na kwingineko wamenunua nyumba Shela na Mkomani. Wengine wamezirekebisha kwa uangalifu mkubwa na kuwapa mafundi kazi ya miaka. Sitawalaumu kwa hilo. Lakini bei za nyumba zimepanda mpaka mtoto wa mji hawezi kununua nyumba ya jirani yake, na familia zinazouza huhamia Wiyoni, Kashmir, Kandahari na mitaa mingine mipya nje ya mpaka, katika nyumba za matofali ya saruji na mabati. Nyumba ya kale inabaki nzuri, taa zake zikiwashwa miezi michache tu kwa mwaka. Wikio limesimama, wala hapana shangazi wa kulivuka.

Utalii wenyewe uliyumba. Utekaji nyara wa wageni mwaka 2011 na mauaji ya Mpeketoni, upande wa bara, mwaka 2014 viliwafukuza watalii kwa muda mrefu, na mafundi wa mashua za matembezi wakakaa bila kazi. Wakati huohuo bandari mpya ilikuwa ikichimbwa upande wa bara. Jiwe la msingi la mradi wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni sehemu yake, liliwekwa Machi 2012 na marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani kwa ajili ya maeneo ya uvuvi na mikoko iliyoharibiwa na uchimbaji wa mkondo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe ng'ambo ya mji. Watu wa Lamu ndio waliozianzisha kesi hizo. Mji wa punda na vichochoro umejitetea kwa kiasi ambacho miji mikubwa zaidi haikuthubutu.

Na mafundi hawajakaa kusubiri kuhurumiwa. Mwaka 2018, Ali Skanda, fundi wa majahazi na mchonga milango wa Lamu, aliongoza kazi ya kuunda Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichotengenezwa kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kuvikwa kandambili 30,000 za rangi zote. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao na mataruma, kisha ikachongwa na kuunganishwa kama mti. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kilisafiri kilomita 500 mpaka Zanzibar, na baadaye kikapelekwa Ziwa Victoria. Wengi walikitazama kama kampeni dhidi ya taka, na ndivyo kilivyokusudiwa. Mimi nilichokiona zaidi ni kwamba elimu ya mkuku na taruma inaweza kupokea kitu kigeni kabisa na bado ikatoa chombo kinachoelea sawasawa. Hakuna mwingine Lamu aliyeweza kuifanya kazi ile ila aliyejifunzia kwenye mti.

Anayepanga kwenda Lamu, basi, apange siku za kutosha. Maulidi huja kwa mwezi wa Kiislamu, na nyumba za kulala wageni hujaa mapema. Tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya mashua na ya punda, huwa mwishoni mwa mwaka. Siku ya kwanza atembee Mkomani na aingie nyumba ya Makumbusho. Siku ya pili aende Langoni, apite Riyadha. Siku ya tatu aende Matondoni asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, na kama ana siku ya nne achukue boti mpaka Kizingitini, kisiwani Pate, ambako majahazi makubwa zaidi huundwa. Asalimie kwanza, akae, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wako mafundi wanaopokea kazi ndogo: mfano wa jahazi, jozi ya macho ya chombo, kasia. Bei huulizwa palepale, na fundi hulipwa nusu kabla hajaanza kukata.